Viti kwanza, katiba baadaye

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni Jumapili usiku)



Wiki hii nimepokea barua kutoka Morogoro. Mwandishi wake hakutaka jina lake lisomwe hewani, nami nitamheshimu. Anasema wao ni wanaume sita, wote wana saratani ya tezi dume, na walifahamiana kwa kukaa benchi moja wakisubiri kuitwa na daktari. Wamezoeana kiasi kwamba asipoonekana mmoja, wengine huuliza yuko wapi. Sasa wanataka kuunda umoja wa kusaidiana, na swali lao kwangu ni moja: waanze na katiba, au waanze na akaunti ya benki?

Nilicheka peke yangu nilipoisoma. Sisi hapa Dar es Salaam tulianza na vyote viwili, tukaongeza na mhuri, na hadithi ya yaliyotupata ndiyo jibu langu kwa ndugu yule. Wasikilizaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba mimi ni mmoja wa wagonjwa hao. Kwa wengine leo ndiyo nawaambia.

Tezi dume ni kiungo cha mwanamume, kikubwa kama ndimu ndogo, kilicho chini ya kibofu, kimeizunguka njia ya mkojo. Saratani ikianza humo mara nyingi haipigi kelele, na mtu anaweza kukaa nayo miaka asijue. Mwaka 2020 wanaume wapatao milioni 1 na laki 4 duniani waligunduliwa kuwa nayo. Jopo la wataalamu lililoandika katika jarida la Lancet mwaka 2024 lilikadiria kwamba kufikia 2040 idadi hiyo ya mwaka mmoja itakuwa milioni 2 na laki 9, na ongezeko kubwa litakuwa katika nchi zisizo na uwezo, yaani kwetu.

Mwezi Novemba 2014, Rais Jakaya Kikwete alipofanyiwa upasuaji wa tezi dume katika hospitali ya Johns Hopkins huko Marekani, na Ikulu ikatangaza waziwazi, mimi nilikuwa na miaka 57. Niliisoma habari ile gazetini, nikalikunja gazeti, nikajisemea kwamba hayo ni maradhi ya wakubwa. Nikakaa miaka miwili. Kama si mama watoto kunisukuma kwenda kupima damu, nisingekuwa hapa usiku huu nikiwazungumzisha.

Wagonjwa kushikana mikono si jambo geni kwetu. Mwaka 1987, mjini Kampala, Bibi Noerine Kaleeba, aliyekuwa amefiwa na mumewe kwa UKIMWI, alikutana na wenzake waliokuwa katika msiba kama wake, wakaanzisha TASO. Hapa Dar es Salaam wakafuata WAMATA. Huko Marekani wanawake wenye saratani ya matiti walianza kutembeleana vitandani tangu miaka ya 1950. Wanaume wenye saratani ya tezi dume, wao walingoja mpaka mwaka 1990, wachache walipojikusanya katika eneo la Chicago na kujiita Us TOO, maana yake "sisi pia". Karibu miaka arobaini nyuma ya wake zao! Ukitaka kujua tabia ya mwanamume na maradhi yake, anzia hapo.

Sisi tulianza mwaka 2017, tukiwa tisa. Mwenzetu mmoja mwenye ofisi yake Magomeni alitupa chumba kila Jumamosi ya pili ya mwezi. Chumba kizuri, kina feni, na viti vya kitambaa cha kijivu, laini, vya watu wenye nafasi. Tukachagua mwenyekiti, ndiye mimi, na katibu, na mweka hazina, na makamu wa kila mmoja, hata wanachama wa kawaida wakabaki watatu. Katibu wetu alikuwa amestaafu serikalini. Alituandikia katiba ya kurasa kumi na nne, na ibara mojawapo ilisema kwamba mwanachama asiyehudhuria mikutano mitatu mfululizo bila taarifa atakuwa amejiondoa mwenyewe.

Miongoni mwa wale wanachama watatu alikuwamo fundi cherehani. Mtu mpole, wa makamo yangu, na kila mkutano alisimama kando ya mlango tangu dua ya kufungua mpaka dua ya kufunga. Tukimkaribisha kiti anasema, "Nashukuru kaka, nimekaa mashineni wiki nzima, acheni nijinyooshe." Tukaona ni sawa, fundi kweli hukaa sana.

Mwaka 2018 akaacha kuja. Mkutano wa kwanza kumbukumbu zikaandika: "Asiyehudhuria bila taarifa, mmoja." Mkutano wa pili zikaandika hivyohivyo. Mkutano wa tatu katibu akasimama na kuisoma ile ibara, akauliza wanaoafiki. Mikono ikanyanyuliwa. Na mimi, ndugu msikilizaji, niliunyanyua wa kwangu.

Siku tisa baadaye nilikwenda kwake. Nisingependa mdhani nilikwenda kumjulia hali. Nilikuwa na suruali ya kupunguza kiuno, kwa sababu tangu matibabu nilikuwa nimekonda. Nikamkuta amelala mkekani, cherehani imefunikwa. Aliniambia kwamba siku nne zilizopita miguu ilianza kuwa mizito, na sasa haimbebi. Alidhani ni uchovu wa kukanyaga mashine. Mgongo ulikuwa unamuuma usiku kwa wiki kadhaa. Nilipomuuliza kwa nini alituacha, alitazama ukutani, akasema, "Kaka, viti vyenu ni vya kitambaa."

Nilichelewa kuelewa. Tangu upasuaji mkojo ulikuwa unamponyoka. Hakuwa na fedha za kununua pampasi za watu wazima kila siku, akawa anajifunga matambara, na matambara yanalowa. Alisimama mwaka mzima mlangoni asije akaacha alama kwenye kiti cha watu. Katika chumba kile, watu tisa, wote wa tezi dume, watano kati yetu tulikuwa tumevaa pampasi saa ileile. Mimi nilikuwa nimevaa. Hakuna aliyewahi kulitamka.

Tulimpeleka hospitali jioni ileile. Saratani ilikuwa imeingia kwenye pingili za mgongo na kuukandamiza uti. Akapigwa mionzi, maumivu yakapungua, lakini miguu haikurudi. Daktari alitueleza kwa utaratibu, bila kutulaumu, kwamba katika hali hiyo kinachoamua ni siku, wakati mwingine saa. Aletwaye akiwa bado anatembea ana matumaini makubwa ya kuendelea kutembea. Aletwaye miguu ikiwa imekwisha kulala, mara nyingi hubaki hivyo.

Mkutano uliofuata tulikaa kimya muda mrefu. Kisha katibu akaichukua katiba yake, akaitia mkobani, na mpaka leo sijaiona tena. Mkutano wa baada ya huo tulikaa kwenye viti vya plastiki vya kuazima, vile vya harusini, vinavyofutwa kwa kitambaa kimoja. Na fundi alikuwa wa kwanza kufika, amesukumwa na mwanawe katika kiti cha magurudumu.

Tangu siku hiyo mwenyekiti ndiye anayefungua mazungumzo kwa kusema ya kwake, na yawe yale yanayouma. Wanaume tukiachwa tutazungumza Simba na Yanga mpaka saa sita, kisha tuagane tukisema kikao kilikuwa kizuri. Kwa hiyo nasimama, nasema: mimi jana usiku niliamka mara nne, asubuhi nimebadili pampasi mara mbili, na chumbani mambo si kama zamani. Mara ya kwanza nilitetemeka. Mzee mmoja wa miaka 74, ambaye hajawahi kufungua mdomo zaidi ya kuitikia shikamoo, akasema, "Alhamdulillahi, nilidhani ni mimi tu." Baada yake wakasema watu wanne.

Humo ndimo faida ilimo. Daktari ana dakika chache na foleni ndefu. Pale Ocean Road utakuta watu waliosafiri kutoka mikoani, na huwezi kumtaka daktari akae akufundishe namna ya kufunga mpira wa mkojo ndani ya suruali ili upande daladala bila watu kujua. Mgonjwa mwenzako atakufundisha. Atakufundisha pia kubana ile misuli ya chini, kama mtu anayezuia mkojo, kubana na kuachia, mara kadhaa kwa siku, wiki hata miezi, mpaka kibofu kianze kutii. Nesi alishatuambia hilo wote. Lakini tulilifanya kweli tulipoona mmoja wetu ameanza kuja bila pampasi.

Jambo la pili ni wawili wawili. Kila mtu ana mwenzake. Ukimkosa mwenzako Jumamosi, kabla ya Jumatatu jioni uwe umempigia simu, na simu isipopokelewa mara mbili unapanda gari kwenda kwake. Hatuandiki tena "bila taarifa". Taarifa ni kazi ya anayebaki. Na kila mkutano, kabla ya chai, tunakariri maneno yaleyale kama watoto wa darasa la kwanza: maumivu mapya ya mgongo yasiyotulia usiku, miguu kuishiwa nguvu, ganzi sehemu ya kukalia, mkojo au choo kugoma au kutoka bila habari, ni hospitali siku hiyohiyo, usingoje tarehe ya kliniki. Wapya huona kama tunacheza. Wakimtazama fundi hunyamaza.

Sasa yale yanayovunja vikundi.

La kwanza ni ulimi. Mwenzetu mmoja alichagua kutolewa korodani badala ya kuchomwa sindano za homoni. Njia zote mbili zina shabaha moja, kuinyima saratani homoni ya kiume. Alilionyesha hilo Daktari Charles Huggins huko Chicago mwaka 1941, na likampatia tuzo ya Nobel mwaka 1966. Sindano hurudiwa kila mwezi au kila miezi mitatu na fedha hutoka kila mara, upasuaji ni wa siku moja. Huyu ndugu alipiga hesabu ya ada za watoto akaamua. Siku moja, katika kutaniana, mtu akamwita maksai. Wakacheka wawili, naye akacheka pia, na nilipomwona anavyocheka nilijua hatarudi. Nilisimamisha kikao hapohapo. Yule mtani aliombwa aende nyumbani kwa mwenzake kuomba radhi, siyo mbele yetu. Alikwenda. Utani wa magonjwa ni dawa, lakini anayeruhusiwa kuutoa ni yule mwenye jeraha.

La pili ni namba. Kipimo cha damu cha PSA kinatoka na tarakimu, na wanaume tukipewa tarakimu tunazipanga kama msimamo wa ligi. "Mimi nina 2, wewe una 9, pole sana." Huu ni ujinga. Aliyetolewa tezi nzima anatarajiwa kushuka karibu na sifuri. Aliyepigwa mionzi hushuka polepole, pengine kwa mwaka na zaidi. Asiye na saratani kabisa anaweza kupanda kwa sababu tezi imetanuka au ina uambukizo. Sisi tumekatazana kusoma namba mbele ya kikao. Anayetaka kuelewa yake, anaandika swali, na mara moja kila miezi mitatu tunamwalika nesi au daktari mwenye moyo, tunampa maswali yote siku mbili kabla. Akija bila maswali anahutubia, na tunasinzia.

Kundi si duka la dawa pia. Aliwahi kuja mtu mwenye unga wa mizizi, amevaa nadhifu, anataka dakika kumi tu. Tukampa chai, dakika hatukumpa. Mwanachama anayetumia miti shamba hatumfukuzi wala hatumsuti, tunamwomba amweleze daktari wake anachokunywa. Lakini hakuna mwenye ruhusa ya kumwambia mwenzake aache sindano au mionzi. Hilo tu ndilo linaloweza kumtoa mtu katika umoja wetu.

Fedha nitazipitia haraka, kwa maana kila msomaji wa barua ile ya Morogoro ameshaona vicoba na upatu vinavyoishia mahakama ya mwanzo. Tulikuwa na akaunti, tukakopeshana, wawili wakashindwa kulipa, na mtu mwenye deni haji mkutanoni. Tulikuwa tumempoteza mgonjwa kwa sababu ya shilingi elfu hamsini. Siku hizi kuna kopo moja, linafunguliwa na kuhesabiwa mbele ya wote, ni la nauli ya asiye na nauli na la vitambaa vya fundi, basi. Hatukopeshani.

Vitambaa gani? Fundi siku hizi anashona kwa cherehani ya mkono, hahitaji miguu. Anashona pedi za taulo kuukuu zenye plastiki laini katikati, zinafuliwa na kuanikwa. Tulimpa ushauri mwingi, yeye akatumia akili yake. Wanachama huchukua kwa bei ya vitambaa, na wapo wanaotumwa kutoka mahospitali wakija kuuliza "kwa yule fundi".

Wake zetu walianza kwa kutusindikiza, wakakaa barazani kutungojea. Ikawa baraza ina kelele na kicheko kuliko chumba. Leo wana mkutano wao saa ileile, na mimi nadhani ni imara kuliko wetu. Mke wa mwanachama mmoja alisema huko jambo ambalo mumewe hakuweza kulisema kwetu miaka miwili: kwamba hafikirii kuondoka, ila amechoka kunyamaziwa. Lilimfikia mumewe kwa njia za wanawake. Sisi hatukuuliza.

Kuna jambo ambalo hakuna katiba ingelitufundisha. Watu wa umoja huu hufa. Tangu tuanze tumezika sita. Kwenye msiba wa kwanza tulikwenda kumi na mmoja, tukakaa pamoja, na shemeji wa marehemu akatuuliza sisi ni kina nani. Mmoja wetu akajibu ukweli. Kumbe ndugu wote walikuwa wameambiwa ni presha. Mjane alitutazama kwa namna ambayo sitaisahau. Siku hizi tunamuuliza kila mtu angali hai: siku hiyo ikifika, tuje kama nani? Wengine husema njooni kama mlivyo, semeni ugonjwa wangu ili vijana wangu wakapime, kwa kuwa walio na baba au kaka mwenye saratani hii wako katika hatari zaidi. Mzee wetu mmoja alisema tuje kama wacheza bao wenzake. Tulimzika Kisarawe. Wanne kati yetu hatujui bao hata kidogo, na palipotokea mtu akaleta ubao tulipata taabu.

Mwaka jana PSA yangu ilipanda. Ninaendelea na dawa, na msinitumie salamu za rambirambi, bado nina pumzi ya kuwachosha kila Jumapili. Lakini siku ile niligundua kwamba ufunguo wa chumba uko kwangu, daftari la namba za simu liko kwangu, na nesi anayetujia ananijua mimi tu. Ningeanguka, kundi lingefungiwa nje. Sasa kila ufunguo una wawili, daftari lina nakala, na mwenyekiti ni kijana wa miaka 52 ambaye anaendesha kikao vizuri kuliko mimi, ingawa chai yake ni nyepesi mno.

Basi ndugu yangu wa Morogoro. Umesema asipoonekana mmoja, wengine huuliza. Nyie mmekwisha kuanza, pengine hamjui. Tafuteni chumba chenye choo karibu, maana sita wa tezi dume hawavumilii choo cha mbali. Tafuteni viti vinavyofutika. Akaunti mtaijua huko mbele, mkifika ishirini. Na mkipata nafasi ya kuja Dar es Salaam, ni Jumamosi ya pili ya mwezi, saa nne asubuhi. Fundi amesema nikuambie uje na taulo kuukuu.